Daraja la Likoni likijengwa, feri itabaki na kazi gani?

Kila habari za daraja linalopangwa kujengwa Likoni, penye kivuko cha kwenda kusini kutoka kisiwa cha Mombasa, zinaporudi magazetini, swali huwa ni lile lile: feri zitaondoka lini? Mimi ni mhandisi wa vyombo vya majini. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukagua vivuko na magati, na jibu langu huwaudhi wengi. Feri haziondoki. Daraja litachukua magari, lakini watu wa miguu watabaki pale pale kwenye mteremko wa Likoni wakisubiri geti lifunguliwe.

Zamani pwani yetu ilikuwa na vivuko kila penye mkono wa bahari. Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na lile la zege tunalolitumia leo likaja 1980. Kilifi, ambako mabasi ya Malindi yalikuwa yakipanga foleni kungoja kuvushwa, ilipata daraja 1991. Feri ya Likoni ilianza 1937 ikiendeshwa na Kenya Bus Services, kampuni ile ile ya mabasi ya mjini, mpaka serikali ilipoichukua mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuiweka chini ya Kenya Ferry Services. Mwaka 1990 zikaletwa Nyayo, Harambee na Uhuru, 2010 zikaja MV Likoni na MV Kwale, na 2017 MV Jambo kutoka Uturuki. Wenzake Nyali na Kilifi wamekwisha pata madaraja. Kwa nini Likoni imesalia?

Si kwa sababu ya upana. Mlango wa Kilindini, njia ya meli kuingia bandari ya Mombasa, pale Likoni ni kama nusu kilomita tu, ilhali daraja la Mteza huko Dongo Kundu lina mita 1,440. Kinachozuia ni meli. Chini ya Daraja la Nyali hupita mashua na ngalawa. Pale Likoni hupita kila meli ya makontena, ya mafuta na ya magari inayoingia Kilindini, mizigo ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Sudan Kusini na ya Kongo ya mashariki. Daraja lolote pale sharti liziache meli hizo zipite, ndiyo maana mchoro wa Wajapani wa daraja hilo la Likoni, Mombasa Gate Bridge, unazungumzia nafasi ya karibu mita 70 kati ya maji na tumbo la daraja.

Sasa piga hesabu. Barabara ikipanda mita 4 kwa kila mita 100, ambao ni mteremko lori lenye mzigo linauweza, utahitaji mita 1,750 za kupanda kabla hujafika juu, na nyingine kama hizo za kushuka upande wa pili. Ni zaidi ya kilomita 3 na nusu ukiongeza sehemu ya katikati, na kimo chake ni cha jengo la ghorofa 20. Kwa matatu hilo si kitu. Kwa mama anayetoka Likoni na kapu la samaki kichwani, au fundi anayekwenda Mbaraki kwa miguu kwa sababu nauli ya kuzunguka hana, daraja hilo ni mlima. Atateremka gatini kama kawaida.

Wenzetu wa Dar es Salaam wameshatuonyesha. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680 juu ya mkono wa bahari wa Kurasini, na magari yakahamia huko kwa wingi. Lakini Kurasini si Kivukoni, katikati ya jiji, ambako feri hufikia. Anayefanya kazi Posta au anayekwenda soko la samaki Feri bado njia yake fupi ni pantoni ya Magogoni, na msongamano wa asubuhi haukwisha. Ulizidi kuonekana pale MV Magogoni, inayobeba watu 2,000, ilipoletwa huku kwetu Mombasa mwaka 2023 kupandishwa chelezoni kwa matengenezo na ikachukua muda mrefu kuliko walivyoahidiwa wananchi. Hatimaye boti za kampuni ya Azam zikaingia kusaidia kuvusha watu wa miguu. Nitarudi kwenye boti hizo, maana ndizo zinazonivutia kuliko daraja.

Kwanza tuelewe feri inapotezea wapi muda. Watu wengi hudhani shida ni injini au uhaba wa vyombo. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Nusu kilomita kwa mwendo wa noti 6 (kama kilomita 11 kwa saa) ni chini ya dakika 3, na hata ukiongeza kuondoka, kukwepa mkondo na kulenga gati, bado ni dakika chache. Muda unaliwa nchi kavu. Feri inashusha mlango, watu wanamwagika, mikokoteni inafuata, halafu magari moja moja, tuktuk, lori linalopanda taratibu kwa sababu maji yamekupwa na mlango umelala kwa pembe kali. Kisha kupakia kunaanza kwa mpangilio huo huo. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Kilindini hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yakitoka sana, gari la chini husugua tumbo pale mlango unapokutana na sakafu ya gati, na gari moja likikwama, kila mtu amekwama.

Tuchukue mfano wa namba za mviringo. Feri moja inabeba watu 1,500. Tuseme mzunguko mzima, kutoka Likoni, kushusha kisiwani, kupakia, kurudi na kuwa tayari tena, ni dakika 30. Feri hiyo itavusha watu 3,000 kwa saa kwa upande mmoja, na feri nne zitavusha 12,000. Ukitaka kufikia 18,000 una njia mbili: kununua feri mbili zaidi, au kupunguza mzunguko kutoka dakika 30 hadi 20. Dakika kumi za gatini zina thamani ya feri mbili mpya. Na njia rahisi kuliko zote ya kuzipata dakika hizo ni kuwatenganisha watu na magari kabisa, kila mmoja chombo chake na gati lake.

Wanasiasa hawapendi hesabu hii kwa sababu gati halikatiwi utepe kwa shangwe kama feri mpya.

Kutenganisha kuna faida nyingine iliyo kubwa kuliko muda. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini, feri ya Mtongwe, kivuko jirani na Likoni kwenye mlango huo huo, ilipinduka ikiwa imesogea kama mita 40 tu kutoka ufukweni. Watu 272 walikufa. Chombo kilichopaswa kubeba watu 300 kilikuwa na takriban 400. Ujazo uliozidi kila mtu anaujua, lakini kwa jicho la mhandisi kuna jambo la pili. Kontena ukilifunga, linakaa. Watu ni shehena inayotembea. Wakisogea mita chache kwa pamoja, kwa hofu au kwa haraka ya kuwahi mlango, uzito wote unahamia upande mmoja, chombo kinainama, na kuinama kwenyewe kunawasukuma waende huko huko zaidi. Chombo kipana chenye sakafu moja tambarare, kisicho na vizuizi vya kuwagawa watu, ndicho kibaya zaidi kwa hilo. Ndiyo sababu ninapokagua kivuko huanza na reli na vizuizi kabla ya kuuliza habari za injini.

Kisha kuna 2019. Mwezi Septemba gari lilirudi nyuma kutoka kwenye MV Harambee ikiwa safarini na kuzama na mama na mtoto wake. Ilichukua siku 13 kulitoa, kutoka kina cha karibu mita 60. (Wanaoniuliza kwa nini tusichimbe handaki waikumbuke namba hiyo. Handaki lingelazimika kupita chini ya kina hicho, na njia zake za kushukia zingekuwa ndefu kama za daraja.) Feri zetu za zamani zilizoea kuvuka milango ikiwa imelala karibu na maji, kwa sababu kuiinua kabisa kila safari kunakula muda na mitambo ya haidroli ilikuwa imechoka. Ukisha kuzoea kukimbizana na foleni, usalama ndio wa kwanza kukatwa. Feri ya magari peke yake, isiyo na watu elfu moja wanaopiga kelele iondoke, ina nafasi ya kuinua mlango, kuweka magogo nyuma ya magurudumu na kuhakikisha dereva amevuta breki ya mkono.

Serikali yenyewe iliwahi kukubali hoja ya kutenganisha, ingawa kwa njia ya ajabu. Wakati wa korona, mwishoni mwa 2020, lilijengwa daraja la kuelea la watu wa miguu kutoka Liwatoni hadi upande wa Likoni, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9. Wazo la kuwapa watu njia yao lilikuwa sahihi. Mahali hapakuwa sahihi hata kidogo. Daraja lililolala juu ya maji katikati ya njia ya meli lazima lifunguliwe kila meli inapopita, kwa hiyo likatumika saa za msongamano, asubuhi na jioni, huku bandari ikilalamika na wananchi wakilalamika. Mwaka 2024 likaondolewa. Huwa nasikia likitajwa kama ushahidi kwamba watu wa Likoni hawataki chochote isipokuwa feri. Lilichothibitisha ni kwamba kwenye mlango ule huwezi kuweka kitu kisichoweza kupisha.

Mwaka huo huo barabara ya Dongo Kundu ilikamilika hadi pwani ya kusini. Malori yanayotoka Lunga Lunga na Tanga sasa yanakwenda Miritini bila kugusa kisiwa. Hapo mambo yamebadilika kuliko wengi walivyotambua. Takwimu zinazotajwa kila siku kuhusu Likoni ni watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Ukiwaondoa wanaoweza kupita Dongo Kundu, na siku moja wale watakaopita daraja la Wajapani, kinachobaki ni huduma ya watu wa miguu yenye magari machache pembeni. Tunaendelea kununua vyombo vya kazi ya zamani.

Mimi ningenunua boti za watu 250, zenye milango mipana ubavuni, zinazofunga kwenye gati linaloelea. Gati la namna hiyo hupanda na kushuka na maji, kwa hiyo bamvua au maji mafu, hatua ya kuingia botini ni ile ile, hata kwa mwenye magongo au kiti cha magurudumu. Boti kama hiyo ikiweza mzunguko wa dakika 10, inavusha watu 1,500 kwa saa, na boti nane zinafikia 12,000, sawa na feri nne kubwa za mfano wetu. Tofauti inakuja siku ya kuharibika. Feri moja kubwa ikipandishwa chelezoni, robo ya huduma imekwenda nayo, kama Dar walivyoona. Boti moja ikitoka, umepoteza moja ya nane. Na watu 250 waliokaa kwenye viti hawahami upande wote kwa pamoja.

Wenzangu wa bandari hunipinga hapa, na wana hoja. Boti nane kwenye mlango wa meli ni vyombo vingi kwa rubani anayeingiza meli ya mita 300 isiyoweza kusimama ghafla. Itahitajika sheria kali: meli ikionekana mahali fulani, boti zote zinabaki gatini, bila nahodha yeyote kujaribu bahati. Mabaharia watakuwa wengi zaidi, na mishahara pia. Pia upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu boti ndogo hucheza kuliko feri nzito, kwa hiyo feri mbili au tatu kubwa zitabaki kwa siku hizo na kwa magari ya wagonjwa. Ninazikubali gharama hizo zote.

Jambo gumu zaidi ni fedha. Likoni mtu wa miguu halipi, tofauti na Magogoni ambako abiria hulipa shilingi 200 za Tanzania, na wanaokumbuka mzozo wa 2012 nauli ilipopanda kutoka 100 wanajua hata hizo zina kelele zake. Kwetu mapato yanatoka kwa magari, na magari ndiyo yanayohamia Dongo Kundu. Huduma itakuwa na kazi ile ile na mfuko mtupu. Sioni kiongozi atakayethubutu kumtoza nauli mkazi wa Likoni, na sioni kwa nini amtoze. Meli ndizo zinazotunyima daraja la chini la bei nafuu kama la Nyali. Ukiweka tozo ndogo kwa kila kontena linalopita Kilindini, iwe ya feri tu na isiguswe kwa kazi nyingine, mwenye kulipa atakuwa yule yule anayefaidika na mlango kubaki wazi. Feri sasa ziko chini ya KPA, Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ile ile inayotoza meli, kwa hiyo mazungumzo hayo ni ya ofisi mbili za jengo moja.

Ningeanzia Mtongwe. Huduma ya pale imekuwa ikifungwa na kufunguliwa tangu ajali, mara moja kwa sherehe kubwa mwaka 2017, na kila ikifungwa wakazi wake hubanana na wa Likoni kwenye gati moja. Magari hayana haja kubwa na Mtongwe. Gati moja la kuelea kila upande na boti mbili zingetosha kujaribu jambo hili kwa mwaka mmoja, tukiwa na saa mkononi, kabla hatujaagiza feri nyingine ya magari 60.