Pirasetamu na kiharusi: maswali ninayoulizwa wodini

Pirasetamu ni dawa gani?
Ndiyo hiyo watu wanayoiita "dawa ya ubongo"; wengine wanaijua kwa jina la Nootropil. Iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1964 na Corneliu Giurgea. Kazi yake inayojulikana vizuri ni kutuliza aina fulani ya mishtuko ya misuli inayoanzia kwenye ubongo.

Mzee ameamka mdomo umepinda, mkono hauinuki. Nikamnunulie?
Hapana. Mpeleke hospitali sasa hivi. Hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Hivi karibuni tumempokea baba mmoja siku ya tatu tangu aanguke. Mkewe alifungua pindo la khanga akanionyesha vidonge vilivyobaki: "Tulimpa kwanza ya ubongo, tukawa tunasikilizia." Jamani, kiharusi hakisikiliziwi! Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Siku ya tatu hatuna tena cha kuyeyusha.

Basi nimpe kimoja tu wakati tunatafuta gari?
Hata kimoja usimpe. Wagonjwa zaidi ya 900 waliwahi kufanyiwa utafiti, karibu nusu yao wakaanzishiwa pirasetamu ndani ya saa 12 za kiharusi. Matokeo yalipotoka mwaka 1997, hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu. Tena kama mshipa umepasuka, dawa hii hairuhusiwi kabisa, kwa kuwa inapunguza uwezo wa damu kuganda. Umepasuka au umeziba? Kwa macho huwezi kujua, hata mimi siwezi. Kinachoonyesha ni kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa. Na huyo mzee chai inamtoka pembeni ya mdomo: kidonge na maji vitashuka mapafuni. Usimpe chochote mdomoni, aspirini ikiwemo. Kumbuka saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, utaulizwa.

Mdomo ukirudi wenyewe?
Hospitali vilevile, siku hiyohiyo. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Mwanangu ana mtihani, itamwongezea akili?
Haitamwongezea. Inaweza kumkosesha usingizi, na usingizi ndio anaouhitaji.

Nani awe mwangalifu?
Mwenye ugonjwa wa figo, maana dawa hii hutoka kwa mkojo, na anayetumia wafarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda. Aliyeandikiwa kwa ajili ya mishtuko ya misuli asiikatize ghafla.

Daktari ameiandika baada ya kiharusi, nayo ni ghali. Tufanyeje?
Mrudieni, mwambieni ukweli kuhusu fedha. Ninachokiona kila kliniki ni familia imejinyima mpaka imenunua pirasetamu, halafu dawa za presha zimekwisha tangu wiki mbili nyuma. Ukipima, presha ni 200. Fedha ikiwa ya dawa moja, nunueni ya presha.