Mpeleke kwenye chama chao, wamfute!

Hapa Kirumba, Mwanza, kesi za nyumba haziishi kijiweni. Huyu kaliwa hela ya ramani na msanifu majengo, yule kachorewa ngazi inayoishia ukutani. Hakosi mmoja wa kutoa hukumu: "Mpeleke kwenye chama chao, wamfute!"

Dhana: Chama ndicho kinachosajili na kufuta wasanifu.

Hapana. Daftari la usajili wa wasanifu liko kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chombo cha serikali kinachofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya 2010. Malalamiko yanapelekwa huko, na huko ndiko kwenye meno. Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, AAT, ni umoja wa wenyewe kwa wenyewe. Mtu akitolewa chamani, usajili wake uko palepale, kesho anachora kama jana.

Lakini kabla ya kwenda Bodi, ulizia kwanza kama jina la mtu wako limo daftarini. Wengi tunaowaita wasanifu ni vijana wenye kompyuta na printa. Chama hakiwajui, na kujiita msanifu bila usajili ni kosa kisheria.

Dhana: Ramani ikishagongwa mhuri wa msanifu, anza msingi.

Hapana, mhuri si kibali. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri: Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kulingana na kiwanja kilipo.

Dhana: Basi chama ni cha kulindana tu.

Kulindana kupo, sibishi; chama gani hakitetei watu wake? Ila wenye kazi pia hunoana humo, huwashika mkono vijana wanaotoka Chuo Kikuu Ardhi, na huisemea taaluma serikalini kanuni zinapotungwa. Kwetu ya kusemea hayakosekani. Tazama Mabatini na Igogo, nyumba zilivyopanda juu ya mawe bila hata njia ya kupitisha jeneza. Tazama ufukweni mwa Ziwa Victoria: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lilipofura 2020 waliousogelea mno waliona sababu.

Msanifu mmoja akimwambia mteja "hapa hapajengwi", mteja humfuata mwingine jioni hiyohiyo. Wote wakisema neno moja, atabakiwa na yule kijana wa printa.