Kabla ya kulisugua shoka la babu

Mtu akirithi shoka la kichifu, mkuki au bunduki ya zamani, mkono wake wa kwanza huenda kwenye msasa. Wengine hushika limao na majivu, wengine mchanga. Baada ya nusu saa chuma kinameta, na alama za nyundo ya mhunzi, mabaki ya nkula (unga mwekundu wa mti) na pemba (udongo mweupe) vya ibada, hata mhuri wa kiwanda, vyote vimeondoka na maji machafu. Chuma chenye kutu bado kinasomeka. Kilichosuguliwa hakisomeki tena, na hakuna fundi wa kukirudishia maandishi yake.

Makala haya ni kwa familia za Lubumbashi na za vijiji vya Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), zilizo na silaha za kale nyumbani, na kwa wale wanaozikusanya. Tuanze na kitu kinachoweza kuua.

Bunduki ambayo wengi hapa huiita pupu, na Waswahili wa pwani huiita gobore, hujazwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kizibo cha nyuzi au kitambaa, kisha gololi au vipande vya chuma, na kizibo kingine juu. Aliyeipandisha darini miaka sabini iliyopita huenda aliipandisha ikiwa imejazwa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake usiku. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikilowa hulala, ikikauka huamka, hata baada ya miaka mia.

Kuipima hakuhitaji ufundi mkubwa, kunahitaji subira. Laza bunduki mezani, mdomo ukielekea ukuta mnene wa matofali usio na mtu nyuma yake. Ukiona nyundo imevutwa nyuma, au kuna fataki ndogo ya shaba juu ya chuchu (kijibomba cha kuwashia) chini ya nyundo, usiendelee: toa watu chumbani, funga mlango, ita polisi. Kama sivyo, tafuta ufito wa mbao, mkavu na mnyoofu, mwembamba kuliko tundu. Usitumie chuma, kwani chuma kwa chuma hutoa cheche. Simama kando, ushike ufito kwa vidole viwili, usiweke kiganja wala uso mbele ya mdomo. Uingize polepole mpaka ukome wenyewe, bila kusukuma kwa nguvu. Tia alama ya chaki kwenye ufito mahali mdomo wa mtutu unapoishia, uutoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Mtutu ukiwa mtupu, ncha ya ufito itafika karibu na tundu la moto, pale kando ya nyundo. Ikikoma kabla ya hapo, ndani mna kitu. Mara nyingine ni udongo wa nyigu, maana nyigu hupenda sana mitutu. Lakini huwezi kujua kwa macho, kwa hiyo ihesabu kuwa imejazwa. Usimwage maji ukidhani umemaliza kazi, usitoboe kwa kekee, na usiipashe moto ili kulegeza kutu. Hapo ni kazi ya wataalamu wa baruti wa polisi au wa jeshi.

Risasi, kombora na guruneti lisilolipuka havina kipimo cha nyumbani hata kimoja. Havikusanywi. Usikisogeze, weka alama hatua kadhaa mbali nacho, zuia watoto, toa taarifa.

Sasa umri. Wauzaji hupenda kusema kwamba bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa jiwe, ni ya enzi za Msiri, mfalme wa Wayeke. Inawezekana. Bunkeya, mji wake mkuu, ilipata bunduki kutoka pande mbili, kwa misafara ya Waovimbundu iliyotoka pwani ya Angola na kwa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki, zikilipwa kwa shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa. Msiri mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Lakini jiwe peke yake halithibitishi umri. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaacha njia kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini usio na mifereji. Matokeo yake, viwanda vya Liège huko Ubelgiji viliendelea kutengeneza gumegume kwa ajili ya Afrika hadi ndani ya karne ya 20, wakati Ulaya yenyewe ilikwisha kuzitupa. Ndiyo maana bunduki inayoonekana ya mwaka 1800 inaweza kuwa ya 1910.

Mhuri husaidia zaidi kuliko maneno. Tazama upande wa kushoto wa mtutu, karibu na kitako. Bunduki za Liège zilizopimwa rasmi huwa na yai dogo lenye herufi ELG na nyota chini yake. Tangu 1893 yai hilo liliwekewa taji juu. Kwa hiyo mtutu wenye taji haukupimwa kabla ya 1893, muuzaji aape asiape. Mhuri huu una milimita chache tu, na msasa huufuta kwa mipigo mitano. Mitutu mingine haina mhuri kabisa: ni bomba la maji au mhimili wa usukani wa gari, kazi ya mafundi wa vijijini. Hiyo nayo ni historia, ila isiuzwe kwa jina la Msiri.

Bunduki ya kivita ya jeshi la kikoloni, Mauser ya 1889, ina tatizo lake. Mtutu wake umevishwa ganda jembamba la chuma, na kati ya ganda na mtutu unyevu hukaa. Nje unaweza kuona chuma kizuri, ndani kumeoza. Hiyo ni silaha ya vita, mahali pake si ukutani sebuleni. Nishani za askari, kama ile Nyota ya Huduma iliyoanzishwa 1889, hazina hatari hiyo. Kosa linalofanywa nazo ni kuzing'arisha na kutupa utepe uliochakaa, hali utepe ni nusu ya nishani. Deraya za minyororo kutoka Ulaya na Asia huonekana zaidi kwenye simu kuliko hapa kwetu. Angalia pete zake tu: kwa kawaida za kale zimefungwa kwa ribiti ndogo, na za mapambo ya kisasa ncha zake zimekutanishwa tu bila kufungwa.

Kitu chenye uzito kweli Katanga ni shoka la heshima. Katika bonde la Upemba, kwenye kaburi moja la Kamilamba la kati ya karne ya 8 na ya 10, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shoka la namna hiyo pamoja na fuawe ya chuma. Miaka elfu baadaye machifu wa Kiluba bado walibeba begani mashoka ya fahari yenye mipini iliyopigiliwa misumari. Wachimbaji wangelikuta shoka lile la Kamilamba kwenye meza ya muuzaji, bila kaburi, bila fuawe, bila tabaka la udongo, tungekuwa na shoka zuri na basi. Anayenunua kitu chenye udongo mbichi wa kaburi anamlipa mtu aliyeharibu ushahidi huo, na kesho atachimba tena.

Shoka likija mkononi, soma misumari yake kwa kioo cha kukuza. Msumari wa kiwandani hukatwa kutoka waya: mwili wa duara, unene mmoja kutoka kichwani hadi karibu na ncha, na chini kidogo ya kichwa kuna mikwaruzo midogo inayopita mwili kwa upande, mahali taya za mashine ziliposhika waya. Ncha yake ina pande nne zilizo sawa. Msumari wa mhunzi ni wa pembepembe, hupungua polepole kuelekea ncha, na vichwa viwili havifanani. Ila usikimbilie kusema "bandia". Misumari ya kiwandani ya kuwambia viti ililetwa na biashara, ikapendwa, ikapigiliwa kwenye mipini halali kabisa. Inakuambia shoka si la zamani mno, au limetengenezwa upya. Haikuambii zaidi.

Ubapa wa shoka lililofuliwa hauna unene mmoja. Upapase, utasikia mabonde ya nyundo. Uliokatwa kwa mashine ya kusaga chuma kutoka resori (springi) ya gari una unene sawa kila mahali, na kwenye ukingo kuna mistari ya upinde iliyofuatana kama nyuzi za gitaa. Tundu la mpini linalopokea ncha ya ubapa kwa kawaida lilichomwa kwa chuma cha moto, hivyo ndani huwa na makaa. Lililotobolewa kwa kekee ni la duara safi. Kutu ya bandia, ya siki na chumvi, ni ya rangi moja ya chungwa, hutoka kwenye pamba yenye maji, na imeenea hata pale ambapo kiganja kingelisugua kila siku. Hapo ndipo waigaji wengi hukamatwa: hulizeesha shoka lote sawasawa, lakini mkono wa mtu hauzeeshi sawasawa.

Baada ya kusoma, andika. Daftari la karatasi linatosha. Kila kitu kipewe namba, na namba iandikwe kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi wa pamba. Gundi ya stika hula rangi na kuacha doa. Pima urefu wote na upana wa ubapa kwa milimita, uzito kwa gramu. Piga picha pande zote mbili na maungio, rula ikiwa kando. Kisha yale ambayo hakuna maabara itakayoyapata: kilitoka kijiji gani, kwa nani, mwaka gani, kinaitwaje kwa Kiluba, Kisanga au Kitabwa, nani aliruhusiwa kukishika na nani hakuruhusiwa. Muulize mzee au mama mkubwa wa nyumba angali hai. Kwa Waluba, kwa mfano, kishikio cha pinde cha mfalme hakikuonyeshwa hadharani, na mwanamke maalumu ndiye aliyekitunza. Kikifika kwa mkusanyaji bila maelezo hayo, huwa kipande tu cha ufundi wa chuma au mti.

Kusafisha kunakuja mwisho, na ni kidogo. Brashi laini na kavu kuondoa vumbi. Chuma kitupu, kisicho na masalio ya ibada, kinaweza kupanguswa kwa pamba yenye alkoli ya 90%, kikaachwa kikauke saa moja, kisha kupakwa nta nyembamba na kufutwa. Vaa glavu, kwa kuwa jasho lina chumvi na alama ya kidole huchora kutu kwa miezi michache. Usipake mawese. Asidi za mafuta huila shaba, na kuzunguka kila msumari utaona uji wa kijani kama nta. Watu huufikiri ni uchafu wa zamani, kumbe ni mafuta ya mwaka jana. Kisu nacho kisihifadhiwe ndani ya ala yake ya ngozi, kwani asidi za ngozi hutafuna chuma. Viweke kando kwa kando, namba moja, herufi a na b.

Hewa ya Lubumbashi ina sura mbili. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hulisha kutu. Kiangazi kinapokaza, hadi kufikia Septemba, mbao hupasuka. Weka vitu chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje, sentimita 10 kutoka sakafuni, na kamwe si darini chini ya mabati. Chuma kisicho na mpini kinaweza kufungiwa kwenye kasha la plastiki la lita 20 pamoja na nusu kilo ya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) iliyokaushwa. Chenye mpini kisifanyiwe hivyo, ukame huo utaupasua.

Ukiona unga mwepesi wa mbao chini ya mpini, bungua yumo ndani. Usipulize sumu ya mbu. Funga kitu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili mfululizo. Umeme ukikatika hadi barafu ianze kuyeyuka, hesabu inaanza upya siku ya kwanza. Ukitoa, usifungue mifuko kwa saa 24, vinginevyo unyevu utatua juu ya chuma. Mpini wenye pembe ya ndovu usiuingize humo, unaweza kupasuka.

Pembe hiyo hiyo inaleta suala la mpaka. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imefungwa na mkataba wa CITES tangu uamuzi wa 1989, na kisu cha babu chenye mpini wa pembe kinaweza kubaki duane (forodha) ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mali za utamaduni zinalindwa na Ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, na silaha na risasi ziko chini ya Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kabla ya kununua pupu, hata iliyooza, nenda polisi ukaulize kibali kinachohitajika. Nenda na picha na daftari. Bunduki yenyewe iache mahali ilipo, maana kuibeba barabarani ni kosa jingine kabisa.