Gitaa limekuwa bubu? Anza kupima kwenye ncha ya plagi

"Shikamoo fundi. Pikapu imekufa tena, na hii ni ya pili."

Kijana aliyeniambia hivyo alikuwa amelipakata gitaa lake kama mtoto mwenye homa. Amelichonga mwenyewe kwa mninga kwenye karakana ya mjomba wake seremala, na kazi ya mbao ni safi kweli. Ila ukilichomeka kwenye amplifaya, kimya. Pikapu ya kwanza, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, alishaing'oa, akanunua nyingine, nayo kimya.

Pikapu zilizokufa kweli nilizowahi kukutana nazo ni chache mno. Kwenye magitaa ya kujitengenezea, ugonjwa hukaa kwenye jeki (pale plagi inapochomekwa kwenye gitaa), kwenye waya wa ardhi, na kwenye risasi iliyolehemiwa bila joto la kutosha. Kwa hiyo naomba sana: kabla hujawasha pasi ya kulehemu, chukua mita. Chomeka waya wa gitaa kama unavyochomeka ukitaka kupiga, fungua voliumu yote, kisha pima omu, yaani ukinzani, kwenye plagi ya upande wa pili, ile ambayo ingeingia kwenye amplifaya. Mguu mmoja wa mita kwenye ncha ya plagi, ambako ndiko moto, yaani njia ya sauti, mwingine kwenye shina lake, ambako ndiko ardhi. Njia yote inasomeka hapo bila kufungua skrubu hata moja.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Yenye koili moja huwa na omu 5,000 hadi 8,000 hivi. Ya kijana huyu ina omu 6,500, na voliumu yake ni ya omu 250,000. Vyote vikiwa vimeunganika sawasawa, mita itasoma kama 6,300. Punguza voliumu taratibu, namba zitapanda sana, halafu zitashuka mpaka sifuri. Hapo gitaa ni zima, kamwangalie mgonjwa kwenye amplifaya.

Ukiona 250,000, unasoma voliumu peke yake. Pikapu haijafika: waya umechomoka, swichi haigusi, au koili imekatika. Mita isiposoma chochote, njia imekatika kati ya voliumu na plagi, na mara nyingi ni waya wenyewe wa gitaa, kwa hiyo jaribu na mwingine. Ukiona 0 na voliumu iko wazi, hiyo ni shoti. Moto umegusa ardhi mahali fulani.

La kijana lilisoma 0. Niliitoa jeki kwenye tundu lake ikaning'inia kwenye nyaya zake, nikachomeka plagi: 6,300. Nikairudisha, nikakaza skrubu, nikachomeka tena: 0. Basi nikamwita asogee aangalie kwa tochi. Jeki ina ulimi wa chuma unaobana ncha ya plagi. Plagi ikiingia, ulimi husukumwa nje milimita chache. Yeye alikuwa amepaka tundu lote foili ya jikoni ili kuzuia ungurumo, wazo zuri kabisa, lakini ulimi ukisukumwa unaigusa ile foili, na foili ndiyo ardhi. Ndiyo maana kila alipopima mezani bila plagi aliona mambo sawa. Tukaigeuza jeki robo mzunguko ulimi uelekee upande wenye nafasi, tukabandika utepe mweusi wa umeme pale mbele yake. Gitaa likalia. Na ile pikapu aliyoing'oa nilipoipima ilikuwa na omu 6,400. Haikuwahi kufa.

Sauti ilikuja na ungurumo mzito, ule wa umeme wetu wa hezi 50. Kipimo chake ni mkono wako. Shika nyuzi. Ungurumo ukipungua, waya wa ardhi umefika kwenye daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi, na mambo ni ya kawaida. Ukiongezeka, nyaya mbili za jeki zimegeuzwa, sasa nyuzi zimeunganishwa na moto. Usipobadilika kabisa, kama kwake, daraja halina ardhi. Alikuwa ameulehemu waya wa daraja kwenye foili. Foili ile ni alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida: waya ulikuwa umenatishwa na utomvu tu. Kwenye alumini bana waya kwa skrubu, halafu upeleke kwenye mgongo wa voliumu.

Na mgongo wa voliumu una tabia yake. Ni chuma kinachonyonya joto. Ukilehemu na pasi ndogo, risasi inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la gimbi, inaonekana imeshika kumbe imekaa tu. Kikwangue kwa msasa kwanza. Natumia pasi ya wati 60, sekunde chache, na risasi sharti itandae.

Kwa kuwa pikapu zote mbili zilikuwa hai, akaomba tuziweke zote. Kila moja ikipigwa peke yake ilikuwa tamu. Zikipigwa pamoja, sauti ikawa nyembamba, ya puani, besi imekwenda. Zilikuwa zinavutana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja tu, ila hakikisha kwanza kuwa kifuniko chake cha chuma hakijaungwa kwenye mmoja wa nyaya hizo, la sivyo kifuniko kitakuwa moto. Wapo wanaoipenda sauti ile. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, aliyeanza kutengeneza gitaa lake na baba yake mwaka 1963 kwa mbao za rafu ya meko ya zamani, aliipa kila pikapu kati ya tatu swichi yake ya kugeuza hivyo makusudi.

Kabla hajaondoka nilimwomba achomeke amplifaya yake, aliyokuja nayo. Nyuzi za gitaa zimeungwa na bodi ya amplifaya, na bodi inategemea pini ya ardhi ya ukutani. Ikikosekana na kukawa na uvujaji, unashika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, na njia ya umeme ni kifua chako. Mita kwenye volti za AC, mguu mmoja kwenye nyuzi, mwingine kwenye maikrofoni ya mikisa yangu: volti 94. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili, ya tatu kaikata iingie kwenye adapta. Nikafunga plagi mpya ya pini tatu, nikapima tena, ikasoma chini ya volti 1.