Stupa ya Sanchi haina mlango wala hazina

Wageni wengi wanaofika Sanchi, katikati ya India, hulizunguka kuba kubwa la stupa, jengo la ibada la Kibuddha, wakitafuta mlango. Hawaupati, maana haupo. Dhana kwamba stupa ni hekalu lenye chumba na mali ndani ni ya siku nyingi, na imewahi kuleta hasara: mwaka 1822 ofisa mmoja Mwingereza alilipasua kuba hilo kutoka juu hadi chini. Hakupata kitu. Jeraha hilo lilikuja kuzibwa na mwanaakiolojia John Marshall, aliyeikarabati Sanchi kati ya 1912 na 1919.

Stupa ni kilima cha kujengwa, kimejaa tumboni, kwa kawaida juu ya masalia matakatifu. Kiini cha hii ni matofali ya enzi za Mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Mawe yalivikwa baadaye. Ibada yake ni ya miguu: unaizunguka, nayo iko kuliani kwako.

Malango yapo, lakini ni ya uzio unaoizunguka stupa, na mimi ningekawia kwenye lile la kusini. Kuna maandishi yanayotaja mafundi wa pembe za ndovu wa Vidisha, mji wa jirani, kuwa ndio waliochonga, na ukisogea karibu unaamini: vidole, majani, hata shanga za tembo zinahesabika. Buddha mwenyewe usimtafute kwa sura. Hapo yeye ni kiti kitupu, nyayo, au mti.