Kamati ya ulinzi wa mtoto hailipwi kwa idadi ya watoto

Katika makundi ya WhatsApp ya Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Usa River, kuna ujumbe usiokufa: eti kamati za mtaa za ulinzi wa watoto hulipwa na wafadhili kwa kila mtoto wanayemchukua kwa wazazi, hivyo usiripoti chochote.

Si kweli. Kamati hizo zimo ndani ya serikali za mitaa. Fedha za halmashauri hupitishwa na madiwani kwenye bajeti, kisha hukaguliwa. Za wafadhili zipo pia, lakini hugharamia shughuli kama mafunzo na usafiri. Tena kamati haina mamlaka ya kumtwaa mtoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, amri ya matunzo, yaani ya kumwondoa mtoto kwenye mazingira yanayomdhuru, hutolewa na mahakama, kwa maombi ya afisa ustawi wa jamii.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Watu wanaona gari lenye nembo ya mradi, wanasikia wajumbe wamepata posho ya semina, kisha mtoto wa jirani anapelekwa nyumba salama. Wanaunganisha.

Ukitaka uhakika, nenda mkutano wa mtaa uulize mapato na matumizi. Ripoti za ukaguzi wa halmashauri nazo huchapishwa.

Kinachoniumiza ni jirani anayesikia mtoto akiteswa, akanyamaza kwa kuogopa ujumbe huu, ilhali sheria hiyohiyo inamtaka atoe taarifa. Tafadhali, usiusambaze tena. Ukiletewa, jibu kwa kutuma namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo hupigwa bure.