Daftari la shamba kabla ya hesabu ya kaboni: nini kiandikwe na kwa kipimo gani

Mtaalamu anayekokotoa gesijoto za shamba, yaani gesi zinazopasha dunia joto, hapimi hewa. Huchukua kilo za mbolea, idadi ya ng'ombe na miezi waliyokaa bandani, lita za dizeli na unene wa miti, kisha huzidisha kwa vigezo vya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC). Vigezo vikibadilika, hesabu hurudiwa mezani. Lakini urea iliyowekwa misimu mitatu iliyopita bila kuandikwa haina pa kupatikana tena, na mkaguzi akikosa maandishi huweka kadirio la tahadhari, lile linalompunguzia mkulima tani za kaboni za kuuza. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye daftari, miaka kadhaa kabla mradi wowote wa kaboni haujabisha hodi.

Anza na ukubwa wa shamba, maana hapa ndipo madaftari mengi yanapoharibikia. Vijijini Tanzania ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo kipimo hicho ni sahihi pale tu hatua inapofika sentimita 90 hivi. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata kipande cha mita 52.5 kila upande, yaani mita za mraba 2,756: karibu theluthi ya ekari haipo. Mfuko wa urea uliomwagwa hapo utaandikwa kuwa mfuko mmoja kwa ekari, kumbe ni karibu mfuko mmoja na nusu. Na siku ramani ya satelaiti itakapolazwa juu ya shamba, hekta zilizodaiwa zitapunguzwa, na malipo pamoja nazo.

Zunguka mpaka ukiwa na simu yenye GPS. Simama kwenye kila kona mpaka namba zitulie, epuka kusimama chini ya mti mnene au ukutani mwa nyumba, na andika viwianishi (latitudo na longitudo) kwa desimali sita. Njombe iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake inaanza na alama ya kutoa: −9.33. Ukiisahau alama hiyo, shamba la Njombe linaangukia magharibi mwa Ethiopia. Kosa hili ni dogo kuandika na gumu kugundua, kwa kuwa namba zenyewe zinaonekana sawa. Kipe kila kipande jina au namba isiyobadilika, kichoree ramani ya mkono, na chagua kipimo kimoja, ekari au hekta, kwa daftari zima. Ekari 1 ni hekta 0.405.

Kwenye mbolea, "mifuko miwili" haimsaidii mtu. Mifuko miwili ya DAP ya kilo 50 ina kilo 18 za naitrojeni. Miwili ya urea ina kilo 46. Andika aina kama ilivyochapwa kwenye mfuko, kilo, kipande, tarehe, na kama ilifukiwa au ilimwagwa juu. Hesabu yenyewe ni hii: mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kigezo cha jumla cha IPCC cha 2006, asilimia 1 yake hupotea moja kwa moja kama naitrojeni iliyomo katika naitrasi oksaidi. Zidisha kwa 44, gawanya kwa 28, unapata kilo 0.36 za gesi hiyo, na kwa kuwa kila kilo yake inapasha dunia mara 273 kuliko hewa ukaa, ni sawa na kilo 99 za hewa ukaa. Urea yenyewe ikiyeyuka udongoni hutoa nyingine kama kilo 37. Mfuko mmoja, basi, una uzito wa kilo 135 hivi kwenye hesabu, kabla ya kugusa kinachovuja na maji au kupeperuka kama amonia.

Risiti za mashine ya EFD hufifia. Ipige picha siku ileile, au nakili namba yake, tarehe na kiasi kwenye daftari kwa kalamu ya wino.

Mavuno nayo yanahitajika, kwa sababu wingi wa mabua na mizizi hukadiriwa kutokana na nafaka iliyovunwa. Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100 Tanzania na 90 Kenya, na lumbesa haina uzito unaojulikana. Pima magunia matatu kwa mizani, andika wastani, kisha ndipo uhesabu magunia. Ongeza yaliyoliwa nyumbani na mabichi yaliyochomwa. Halafu mabua: mangapi yalibaki shambani, mangapi yalilishwa ng'ombe, mangapi yalichomwa moto, na kama mifugo ya jirani iliingia baada ya mavuno. Robo, nusu, robo tatu inatosha, mradi iandikwe wakati mabua yangali yanaonekana.

Kwa mifugo, fungua ukurasa wa kila mwezi. Tarehe 1 hesabu waliopo bandani kwa makundi: ng'ombe wa maziwa, aliyekaushwa, mtamba, ndama, fahali. Aliyezaliwa, kufa, kuuzwa au kununuliwa aandikwe na tarehe yake, kwa sababu ng'ombe aliyeuzwa Aprili hapaswi kuhesabiwa mpaka Desemba. Vigezo vya jumla vya IPCC vya 2006 vinampa kila ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe mwingine kilo 31, awe amelishwa mashudu au mabua makavu. Anayetaka lishe yake bora ionekane kwenye hesabu lazima alete uzito, maziwa na chakula. Uzito hukadiriwa kwa utepe unaozungushwa kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama sawa. Maziwa yaandikwe yote, yakiwemo ya nyumbani na makadirio ya yaliyonyonywa na ndama. Anayeandika tu lita zilizopokelewa kituoni anashusha uzalishaji wake mwenyewe, na kila lita inabebeshwa gesi isiyo yake.

Samadi iandikwe inakaa wapi: lundo kavu, shimo la tope, mtambo wa biogesi, au inabaki malishoni. Shimo la tope lisilo na hewa hutoa methani mara nyingi zaidi ya lundo kavu. Kama ni debe kwa debe hadi shambani, pima uzito wa madebe matatu, kiangazi na masika, maana maji yaliyomo hubadilika sana.

Miti inataka uangalifu wa pekee. Kata fimbo ya mita 1.30, isimamishe upande wa juu wa mteremko, na zungusha utepe wa fundi cherehani shinani kwenye ncha yake. Mzingo gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mti uliogawanyika chini ya hapo pima kila shina peke yake. Kanuni mojawapo iliyotengenezwa kwa miti ya mashamba ya magharibi mwa Kenya inazidisha 0.091 kwa kipenyo kilichopandishwa kipeo cha 2.472. Shina la kipenyo cha sentimita 20 linatoa kilo 150 za mti mkavu juu ya ardhi. Utepe ukishuka hadi pale shina linapotanuka na kipenyo kikatoka 25, zinakuwa 260. Mti ni uleule. Mkaguzi akirudia miti michache na kukuta hivyo, hupoteza imani na orodha nzima.

Trekta la kukodi: muulize dereva lita. Kila lita ya dizeli ni kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Mpunga: tarehe maji yalipoingia na kila siku jaruba lilipokaushwa.

Udongo ukipelekwa maabara, andika kina, kwa kawaida sentimita 0 hadi 30, mahali, na uzito wa udongo kwa ujazo wake. Bila huo wa mwisho, asilimia ya kaboni haigeuki kuwa tani. Si kila mradi unachimba: ule wa magharibi mwa Kenya ulioendeshwa na shirika la Vi Agroforestry kwa msaada wa Benki ya Dunia, uliopata hati za kaboni ya udongo mwaka 2014, ulitegemea mfumo wa kukokotoa uliolishwa taarifa za kilimo za wakulima wenyewe.

Kwa Tanzania, biashara ya kaboni ina kanuni zake za 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kabla ya kutia saini, andika kama kipande kimeshaingizwa kwenye mradi mwingine. Tani moja haiuzwi mara mbili. Daftari asili libaki kwa mkulima, mradi upewe nakala. Ukikosea usifute wala kupaka rangi nyeupe: kata kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, andika sahihi pembeni, weka tarehe na saini.